Mshipa Ambao Mama Hakuufuata

Kila jioni mama akirudi kutoka hospitali huvua viatu mlangoni na kuniuliza habari za shule. Kazi yake ni kusoma picha za ndani ya mwili kabla wagonjwa hawajapasuliwa. Siku hiyo aliketi bila kuvua viatu, ameshika tama.

"Fundi cherehani amefariki," alisema.

Fundi ndiye aliyekuwa akinishonea sare, huku akinitania kwamba narefuka kwa makusudi nimmalizie kitambaa. Binti yake ni rafiki yangu, tunakaa dawati moja. Juzi tu fundi alipasuliwa kuondolewa uvimbe kwenye kongosho.

"Kosa ni langu, mwanangu. Mshipa unaopeleka damu kwenye ini haupiti njia moja kwa watu wote. Wake ulipita nyuma ya kongosho. Mimi niliona uvimbe, nikaandika ripoti harakaharaka, mshipa sikuufuata. Daktari hakujua, akaukata, ini likakosa damu. Leo nimeifungua picha tena. Mshipa unaonekana wazi kabisa."

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi tunyamaze, mama. Tafadhali."

Naona haya kulisimulia hili, lakini ndivyo nilivyosema. Nilimwogopea mama, na niliogopa kumpoteza rafiki yangu. Mama hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Asubuhi alieleza yote mbele ya madaktari wenzake. Tangu siku hiyo, hospitalini kwao, hakuna mgonjwa anayepasuliwa ini au kongosho kabla watu wawili hawajaifuata mishipa ya ini kwenye picha, tangu inapoanzia.

Kisha tulikwenda kwa mke wa fundi. Mama alimweleza yote. Mjane alilia mpaka sauti ikamkauka.

"Mbona umeniambia?" aliuliza. "Si ungenyamaza tu?"

"Alikuwa mume wako, dada yangu. Ni haki yako kujua."

Njiani nilimuuliza mama kama amesamehewa.

"Sijui," alijibu, machozi yakimtoka. "Kosa likifichwa, mwanangu, litamuua na mwingine. Ndiyo maana tunalisema, hata likituumiza."

Jumatatu rafiki yangu alihamishia vitabu vyake dawati la nyuma. Sikumlaumu. Nililia mpaka kengele ya mapumziko, lakini sikutamani tena kwamba tungenyamaza.