Unga Usiofagiwa

Dirisha la maabara lilikuwa limevunjwa, na chupa moja haikuwepo. Kachupa tu, lakini mtafiti alikuwa ameketi sakafuni kama aliyefiwa.

"Ilikuwa na nini?" aliuliza Inspekta.

"Unga wa silikoni, Afande. Chembe zake ni ndogo kuliko vumbi. Betri yenye unga huo unaichaji mara elfu na bado haijachoka. Miaka mitano ya kazi yangu! Kesho wakaguzi wanakuja. Wasipouona, mradi unafungwa."

"Nani mwingine aliijua chupa hiyo?"

"Mwalimu peke yake. Lakini huyo usimshuku. Amenilea tangu nikiwa mwanafunzi."

Mwalimu, mkuu wa maabara, alisimama mlangoni akitikisa kichwa. "Vibaka hao. Siku hizi hawabagui."

Inspekta alikuwa akikagua meza. Unga ulikuwa umemwagika hapo. Ukingoni ulisalia mstari mwembamba wa kahawia. Kwingine kote kulikuwa safi. Kwenye pipa la taka akakuta kitambaa kibichi, kimefungwa ndani ya mifuko miwili.

"Hapa hamfagii?"

"Thubutu! Ukifagia unaruka, unaingia mapafuni. Tunapangusa kwa kitambaa cha maji, kisha mifuko miwili. Ila hicho sikukitumia mimi. Ndilo somo la kwanza alilonifundisha..." Mtafiti akamtazama Mwalimu.

Inspekta akamgeukia Mwalimu. "Kibaka gani huyu, avunje dirisha halafu ahurumie mapafu ya watu? Nisubiri alama za vidole kwenye mifuko, au utaniambia mwenyewe?"

Mwalimu alitazama viatu vyake.

"Chupa iko wapi?"

"Kwenye droo yangu."

"Nzima?"

"Niliifungua. Hewa imeshaingia na kuuharibu. Unga haufai tena."

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga; hawakusema kinauma kiasi gani. Mtafiti aliinuka akishika meza.

"Kwa nini? Ungetaka jina lako litangulie langu kwenye mradi, ningekupa!"

"Miaka ishirini nimefundisha kwamba silikoni ikichajiwa huvimba na kupasuka. Vitabu vyangu vyote vinasema hivyo. Wewe ukaisaga hadi ikakataa kupasuka. Kesho ungenifanya mjinga mbele ya watu."

"Nilikuita baba."

Inspekta akamfunga Mwalimu pingu. Mtafiti aliwapita, akaelekea kwenye droo.

"Vaa barakoa kwanza," Mwalimu alisema, kwa mazoea tu.

Machozi yalimtoka mtafiti. Lakini aliivaa, kama alivyofundishwa.