Mikono ya Kudaka

Haya, wajukuu zangu, sogeeni karibu mnitegulie hiki: nampa mtu kitu chake nikiwa nimempa mgongo, nikimpa vizuri hakuna anayeniona, nikikosea uwanja mzima unauliza jina langu. Mimi ni nani? Popo? Hapana. Punda? Hata. Basi tulieni, jibu mtalikuta kwa Pamela.

Pamela alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka la vitambaa la mzee Kishor, Moshi mjini. Jumamosi moja ya Januari alikwenda Kiboriloni kuchambua mitumba, amevaa gauni la kitenge cha njano alilolishona mwenyewe, limemkaa kiunoni kama limechorwa. Soko lilikuwa limefurika, vumbi puani, kila mtu anaimba bei yake. Gladys, muuza jinzi, akampigia kelele kijana mmoja mwenye mabega mapana aliyekuwa akipekua rundo la mbali.

"Kaka, hiyo kama huitaki nirushie huku!"

Kijana hata hakugeuka. Aliiviringisha ile jinzi, akainama, akaipitisha katikati ya miguu yake kwa nguvu. Ikampita Gladys sikioni, ikaenda moja kwa moja kifuani kwa Pamela. Paa! Pamela akaidaka.

"We kaka! Kwenu ndivyo mnavyosalimia?"

Uso ukamtazama kutoka katikati ya magoti, kichwa chini, meno yote nje. "Samahani dada. Lakini umedaka! Hakuna anayedakaga mara ya kwanza."

"Simama basi uombe samahani kama mtu."

"Nikisimama nitakupa mgongo. Hivi nakuona vizuri, na umependeza hata ukiwa umepinduka."

"Umepinduka wewe, si mimi!"

Gladys alicheka mpaka akakaa juu ya bidhaa zake.

Huyo ndiye Valerian wa Kibosho, aliyechukuliwa na shangazi yake kwenda Kanada akiwa na miaka tisa. Kule wana mpira wao wa kubeba kwa mikono, umechongoka ncha mbili kama papai changa. Valerian alikuwa akilipwa kwa kazi moja tu. Timu ikitaka kuupiga ule mpira kwa mguu, yeye anaingia, anainama, anaurusha nyuma kati ya miguu yake hatua kumi na tano, umfikie mpigaji mikononi kabla hujapepesa macho. Halafu anakumbana na majitu yanayokuja kumkanyaga, anatoka, anakaa benchi. Mara kumi kwa mchezo, basi. Mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, na timu inaweza kumwacha asubuhi yoyote. Miaka sita, timu tatu.

Mmeshategua, eeh? Nilijua.

Msimu wao huanza Juni na kuisha Novemba, kwa hiyo tangu Januari mpaka Mei kila asubuhi hao wawili walikuwa kwenye uwanja wa shule, mlima umejifunua wote, nyasi zina umande. Valerian anainama, Pamela anadaka.

"Vidole juu, malkia wangu."

"Malkia gani anadaka mapapai saa kumi na mbili asubuhi?"

"Wa kwangu."

"Kidole kimevimba, Valerian."

"Lete nikibusu."

"Busu na hiki kingine, kisione wivu."

Kidole chenyewe, kile cha mwisho, kilipona kikiwa kimepinda. Pamela alikipenda kuliko pete. Wengine wana picha na barua, yeye ana kidole.

Mwezi Mei, kwenye uwanja wa ndege, Valerian alimshika mikono yote miwili. "Desemba nikirudi, niwalete wazee wangu kwenu na pombe ya mbege, waniposee? Unikubalie?"

Pamela alitaka kusema ndiyo hapohapo. Lakini akajikaza. "Mtu hajibiwi akiwa mlangoni. Nitakujibu ukirudi."

Agosti, mzee Kishor alitoka dukani na simu yake, anatabasamu. Binti yake Riya ameolewa hukohuko Kanada, mji mmoja na Valerian, na vazi lake la harusi Pamela ndiye aliyelitia shanga.

"Pamela, mwanangu, tazama mchumba wako! Ketan mkwe wangu kapiga picha jana. Masikini, timu imemwacha wiki ya pili sasa, lakini hajakata tamaa. Riya anamsaidia mazoezi."

Pamela akatazama. Ni uani kwa watu, nyasi zimekatwa. Valerian kainama. Nyuma yake Riya, nywele kafunga juu, kavaa fulana ya mazoezi ya Valerian, namba arobaini na sita, imemfika magotini. Bangili zake za dhahabu zimejaa mkononi. Vidole juu. Anadaka.

"Kapendeza, eeh?" Kishor akasema.

"Sana, mzee," Pamela akajibu, na sindano ikapita kwenye dole gumba.

Riya ameolewa, alilijua hilo. Mumewe ndiye aliyeshika kamera, alilijua pia. Wivu haukutaka kujua. Fulana ile aliahidiwa yeye. Kudaka kule ni kwake. Na kilichomchoma zaidi: wiki mbili Riya anajua Valerian hana timu, na yeye wa kidole kilichopinda hajui.

Jioni simu ikaita.

"Malkia, umeshindaje?"

"Salama. Mazoezi?"

"Mazuri. Timu iko vizuri kabisa."

"Nani amedaka?"

"Si mpigaji wetu, kama kawaida."

Pamela akavuta pumzi. "Huyo mpigaji wenu siku hizi anavaa bangili?"

 

"Pamela, mpenzi, ngoja nikueleze..."

"Mweleze huyo uliyeanza kumweleza!"

Akakata, akaizuia namba ya Valerian. Kesho yake akamwambia mzee Kishor, kwa adabu zote, afikishe ujumbe: uso wa Valerian hataki kuuona tena.

Septemba timu nyingine ikamchukua Valerian, maana mrushaji wao alivunjika mguu. Kishor akawa anaonyesha michezo kwenye simu. Pamela alijifanya anashona, lakini siku moja alishona mkono wa shati kwenye shingo. Valerian akirusha, mpigaji wao mwenye ndevu alimpiga begani kwa furaha, na Pamela akamwonea wivu hata huyo.

Desemba ikafika, Wachagga wote wakarudi milimani. Pamela alikuwa kwao Uru, uani, anamenya ndizi na mama yake Margareta, alipoona mtu anakuja kinyumenyume katikati ya migomba. Suti ya kijivu, viatu vinang'aa, anapapasa njia kwa visigino.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba. Mwanangu, unasalimia migomba?"

"Pamela hataki kuuona uso wangu, mama. Nimeleta mgongo."

Margareta akaziba mdomo kwa kanga. Valerian akainama, suti ikalalamika, na kitu kikaja kikizunguka. Pamela alikuwa ameapa hatagusa tena mpira wake. Mikono haikuapa. Akadaka.

Mpira ulikuwa umefungwa isale, lile jani refu la mpakani mwa kihamba, shamba la ukoo, limepigwa fundo. Kwa Wachagga ukiletewa hilo umeombwa msamaha, na halirudishwi.

"Nimelipokea," Pamela akasema, sauti bado ina miiba. "Lakini Riya alijua umeachwa, mimi sikujua. Kwa nini?"

"Niliona aibu. Nilikuahidi wazee na mbege, halafu sina kazi. Nilitaka unione nimesimama."

"Valerian, mara ya kwanza nilikuona umeinama, kichwa chini, kwenye vumbi la Kiboriloni. Nikakupenda hivyo hivyo. Ulipotaka kusimama ndipo ukanidanganya."

"Nimekosa. Sirudii."

Pamela akakitazama kidole chake. "Riya aliumia kidole?"

"Hapana."

"Alidaka ngapi?"

"Alidondosha zaidi ya nusu."

Hapo midomo ya Pamela ikaanza kumsaliti.

"Malkia, damu yote imeshuka kichwani. Kuna swali niliacha uwanja wa ndege."

Pamela aliuweka mpira kiunoni kama mtungi, akazunguka mpaka mbele yake, akamwinua kwa kola.

"Waje na mbege. Ila Januari, anayedaka ni mimi."