Aliyeondoa Kikesha

Lori la maparachichi lilipunguza mwendo lenyewe kwenye tambarare ya Mikumi, likawasha taa za hatari, likajisogeza pembeni ya barabara na kuzima. Usukani ulijizungusha bila mkono wa mtu. Dereva wake, Kalisto Msigwa, alikuwa amelala, kidevu kimegusa kifua.

Kilicholisimamisha ni Kikesha. Ndivyo madereva walivyokiita kifaa kidogo kilichofungwa ndani ya kompyuta ya injini, kilichosoma mapigo ya moyo kupitia usukani na kuyatazama macho kutoka juu ya dashibodi. Kope zikiwa nzito, Kikesha kiliinyima injini mafuta, na hakikuiruhusu kuwaka tena mpaka dereva apate usingizi wa kutosha. Tangu viwanda vianze kukiweka, ajali za usingizi zilikuwa karibu zimekwisha kwenye barabara ya bandarini.

Kalisto alipoamka, malori-pweke yalikuwa yakimpita moja baada ya jingine. Malori hayo hayakuwa na dereva wala kiti cha dereva. Yalijiendesha yenyewe mchana na usiku. Alipofika bandarini meli ilikwishaondoka, na maparachichi yalikuwa yameanza kulainika ndani ya makasha. Mwenye mzigo hakumgombeza. Alimwambia tu kwamba safari ijayo angetumia lori-pweke.

Kalisto akaenda Makambako kwa Atupele Mwakyoma.

Atupele alikuwa mhandisi wa injini aliyeacha kazi kiwandani na kufungua karakana yake. Kompyuta za kiwandani zilifungwa kwa siri, hazikukubali kuguswa na fundi wa nje. Yeye alizing'oa na kuweka mahali pake bongo mbadala, kompyuta ya injini iliyouzwa mitaani, ambayo fundi yeyote mwenye ujuzi angeweza kuipanga atakavyo.

"Washa swichi, ila usipige stata," alimwambia Kalisto, akachomeka waya wa kompyuta yake mpakato chini ya dashibodi.

Kioo cha mpakato kilitafuta kwa muda, kisha kikaonyesha kwamba mashine mbili zimetambuana. Atupele akapakia ramani ya mwanzo, yaani maelekezo ya kiasi cha mafuta na wakati wa cheche kwa kila mwendo wa injini. Kisha akaamuru stata ipigwe. Injini, iliyochoma spiriti ya miwa, ilitetemeka kama mtu mwenye homa. Alisikiliza. Palipopungua mafuta aliongeza, palipogonga alichelewesha cheche, mpaka mngurumo ukatulia. Likabaki swali moja kwenye kioo, maana bongo mbadala nalo lilikuwa na Kikesha chake: kiwepo, au kisiwepo.

"Hicho toa, fundi," Kalisto alisema. "Ndicho kilichonileta hapa."

"Utabaki unajilinda mwenyewe."

"Baba yangu aliendesha malori maisha yake yote bila hicho kidude. Amefia kitandani kwake."

Atupele akabonyeza. Alikwishawafanyia hivyo madereva wengi, na kila mara alijiambia kwamba ni watu wazima na wameomba wenyewe.

Kalisto aliwarudisha wateja wake, na rafiki yake wa safari akaona. Rafiki huyo alikuwa Lwitiko, mdogo wake Atupele, kitinda mimba aliyelelewa na dada yake baada ya mama yao kufariki. Yeye na Kalisto walizoea kusafiri kwa kufuatana. Sasa Kalisto alikuwa akimwacha njiani.

"Dada, nami nitolee," Lwitiko alisema, amesimama karakanani mbele ya madereva waliokuwa wakinywa chai kwenye benchi.

"Wewe, hapana."

"Kwa nini?"

"Unalala hata ukiwa unakula."

Madereva wakacheka. Lwitiko hakucheka. "Hawa wote umewatolea, dada. Mimi nina kasoro gani?"

Atupele aliwatazama wale watu wa benchini. Walikuwa wameacha kunywa chai, wakisubiri jibu lake. Kumkatalia kungekuwa kuwaeleza wote kile alichokijua siku nyingi, kwamba kukiondoa ni hatari. Akamwekea bongo mbadala, akafungua mpakato, akakigeuza kioo upande wake, akaipanga injini ya mdogo wake vizuri kuliko zote alizowahi kuzigusa. Kikesha akakiacha. Alizima tu taa yake ya dashibodi ili kisionekane.

"Tayari," alisema.

"Asante, dada yangu."

Kulikuwa na jambo moja alilolifahamu, akalipuuza. Bongo mbadala lilitawala injini peke yake, halikuushika usukani. Lingeweza kulisimamisha lori, lakini lisingeweza kulitoa barabarani.

Mchana mmoja wa jua kali, baada ya chakula, Lwitiko alisinzia kwenye tambarare ileile ya Mikumi. Lori lake likapunguza mwendo na kusimama katikati ya njia, taa za hatari zikiwaka. Barabara ilikuwa imenyooka, na mtu aliye macho angeziona taa hizo kutoka mbali sana. Kalisto alikuwa nyuma yake. Hakugusa breki. Alikufa palepale, na Lwitiko akavunjika nyonga.

"Injini ilizimika yenyewe," Lwitiko alimweleza dada yake hospitalini, na aliwaeleza polisi vivyo hivyo. "Nadhani spiriti ilikuwa na maji. Usijilaumu, uliipanga vizuri."

Atupele alimrekebishia mto.

Baada ya matanga, Skolastika, mjane wa Kalisto, alikuja karakanani akiwa amebeba kitu ndani ya kitenge. Lilikuwa bongo mbadala lililotolewa kwenye mabaki ya lori. Lwitiko, ambaye sasa alitembea kwa magongo, alimpisha kwenye kiti.

"Wanasema alikuwa amelewa," Skolastika alisema. "Mume wangu hakuwa mnywaji. Nimeambiwa laptopu yako inaweza kusoma yaliyomo humu. Nisomee, nikawaambie wanangu ukweli."

Atupele alichomeka waya. Maandishi yakajipanga kwenye kioo: mwendo, joto, mafuta, breki. Safu moja ilikuwa tupu.

"Mbona hapa hakuna kitu?"

"Hapo ndipo Kikesha huandika hali ya dereva."

"Kwa nini hakikuandika?"

"Nilikiondoa, mama. Aliniomba, nikakiondoa. Hakuwa amelewa. Alilala."

Skolastika alikitazama kioo kwa muda mrefu, kama mtu anayesubiri safu ile ijae.

"Na kwangu?" Lwitiko aliuliza kutoka nyuma yao.

Atupele hakugeuka. "Kwako nilikiacha."

"Kwa hiyo ulijua," Skolastika alisema taratibu. "Ulijua, ndiyo maana wako ukamwachia."

Alichomoa waya mwenyewe, akalifunga bongo lile ndani ya kitenge, akatoka.

Lwitiko aliyachukua magongo yake. "Ungenikatalia, dada," alisema. "Ungenikatalia mbele yao wote. Kalisto alikuwa mtu wa kuelewa, angekuja umrudishie chake." Akamfuata mjane nje, akitembea kwa shida, na hakurudi kulala nyumbani kwa dada yake tena.

Siku zilizofuata Atupele aliwapigia simu madereva wake wote. Aliwaomba warudi awarudishie Kikesha bila malipo. Wachache walikuja. Wengi walimwambia kwamba malori-pweke hayasimami kumsubiri mtu, na wao wana nyumba za kulisha. Wengine walimkatia simu.

Wa mwisho alipokea baada ya simu kuita sana. Nyuma ya sauti yake ulisikika mngurumo wa injini aliyoipanga yeye.

"Nani?" mtu huyo aliuliza. Sauti ilikuwa nzito, ya mtu aliyeamshwa.

"Ni fundi Atupele. Uko wapi?"

"Niko... niko njiani. Nimeshapita Iringa."

"Simama pembeni."

"Siwezi, fundi. Nimebeba maziwa."

Atupele akaketi chini, mgongo umeegemea gurudumu, simu ameibana sikioni kwa mikono miwili.

"Basi usikate," alisema. "Niambie, watoto wako wanaitwa nani? Anza na mkubwa."