Faini ya Mbuzi

Nzembi alikuwa na mbuzi mmoja tu wa maziwa. Kila asubuhi alimkamua kabla ya kuwasha moto wa chai. Binti yake Kavata alimshika mbuzi pembe ili asipige teke. Mama na binti waliishi Mwala, wawili tu, maana baba alikwisha kufariki. Walipanda ndengu na mbaazi. Mvua ikikubali walivuna, ikikataa walivumilia.

Kavata alikuwa kidato cha nne. Alitaka kitu kimoja duniani: kusomea famasia, avae koti jeupe, awape wagonjwa dawa zao. Chuo kilitaka apite kemia. Basi kemia aliisoma hata akienda kuchota maji.

"Asidi ikikutana na besi, unapata chumvi na maji," alikariri njiani, mtungi mgongoni.

"Chumvi gani hiyo? Ya ugali?" mama yake alimtania.

"Mwaitu, mama yangu, wewe ngoja. Nikiwa na duka langu la dawa utaelewa."

Nzembi alicheka. Hakuelewa, lakini alijivuna. Nani asingejivuna?

Shule ya Kavata ilikuwa na maabara. Wafadhili walileta mizani, hadubini na vyombo vya kioo vya kila aina. Wazazi waliimba na kucheza siku hiyo hadi vumbi likapanda. Halafu wakafanya mkutano, na mkutano huo ndio ulioharibu kila kitu.

"Watoto wakivunja hizi vioo, nani atanunua zingine?" mzazi mmoja aliuliza.

Nzembi alikuwa mwenyekiti wa wazazi. Alisimama, akajifunga leso vizuri. Kwao Ukambani, mtu akikosa hutozwa mbuzi. Hilo halihitaji kufundishwa.

"Atakayevunja, mzazi wake alete mbuzi hapa shuleni," alisema. "Muone kama kuna mtoto atacheza na kioo!"

Wazazi wakapiga makofi. Bwana Kitonga, mwalimu mkuu, akaifanya sheria ya shule.

Kweli, hakuna aliyecheza na kioo. Hakuna hata aliyekigusa. Walimu nao waliogopa kulaumiwa, wakavifungia vyombo kabatini kwa kufuli. Vilitoka siku za wageni, vikapanguswa vumbi, vikasifiwa, vikarudi gerezani. Darasani mwalimu alichora bureti ubaoni kwa chaki. Bureti ni mrija mrefu wa kioo wenye alama za kupimia, na chini una koki ndogo ya kuachilia matone. Wanafunzi waliuchora mrija huo vizuri sana. Walijua kuuchora, basi.

Kavata alifanya mtihani wa mwisho. Mwaka mpya ulipoanza, matokeo yakaja kwa simu. Kiswahili, alama nzuri. Biolojia, nzuri. Kemia, D.

Nzembi aliona giza. "D? Wewe? Uliyekariri mpaka mbuzi akajua? Ulikuwa unafanya nini huko shuleni, Kavata? Ni vijana?"

"Si vijana, Mwaitu."

"Ni nini basi? Sema!"

Kavata alikuwa anachambua ndengu. Hakuinua uso.

"Ulikuwa mtihani wa vitendo. Tulikuta bureti zimepangwa mezani. Sijawahi kushika bureti maisha yangu. Nilifungua koki kidogo, ikakwama. Nikasikia kioo kinalia, kama kinataka kupasuka. Nikaiacha."

"Ukaiacha? Mtihani unauacha?"

"Nilijaza namba za kubuni. Mwenzangu alivunja ya kwake, akalia mpaka mwisho. Mimi nilijua nyumbani tuko na mbuzi mmoja."

Binti yake alikuwa ameokoa mbuzi. Akapoteza famasia.

Siku hiyo hakula. Kesho yake alienda shuleni akiwa amefura kwa hasira. Alitaka kumgombeza mtu, yeyote yule, mradi asijigombeze mwenyewe. Ofisini alimkuta mwalimu mpya wa kemia, Madam Nthambi, aliyehamishiwa hapo baada ya mtihani.

"Nyinyi walimu mnakula mshahara wa bure!" Nzembi alianza, hata salamu hakutoa. "Mtoto wangu Kavata anajua kemia yote kwa kichwa. Kwa nini hakufundishwa kushika kioo?"

Mwalimu alimvutia kiti. "Kaa, Mama Kavata. Nimeuliza hilo swali tangu nifike. Nimeambiwa kuna sheria ya mbuzi."

Nzembi alikaa.

"Nani aliweka hiyo sheria?" mwalimu aliuliza. Hakujua.

"Ni mimi," Nzembi alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Kisha Madam Nthambi akasema, "Mama, wewe ulijifunza kusonga ugali vipi? Kwa kuchorewa mwiko ukutani?"

"Ai! Nilishika mwiko nikiwa mdogo. Nikaunguza, nikapika mbichi, nikachapwa, nikajua."

"Sayansi ni hivyo hivyo. Mtoto lazima ashike, apime, akosee, arudie. Kichwa peke yake hakitoshi. Na kioo kitavunjika. Kitabu huchakaa, chaki huisha, kioo huvunjika. Shule inapanga mapema kununua vingine, kama inavyonunua chaki."

"Na hatari? Asidi haiunguzi?"

"Inaunguza. Ndiyo maana tunafundisha usalama kwanza. Vaa miwani ya kukinga macho. Usionje kitu. Usikimbie ndani ya maabara. Ukivunja, sema mara moja, usiokote kwa mkono. Lakini mtoto anayeogopa mbuzi hatasema. Ataficha kioo mfukoni ajikate."

Mwalimu alitoka, akarudi na maua mekundu ya haibiskasi kutoka uani, pamoja na ndimu na maji ya jivu kutoka jikoni mwa shule. Aliyachemsha maua, akamimina maji yake kwenye vikombe viwili vya plastiki. "Unaona, hata bila kioo tunaweza kuanza. Kamulia hiki ndimu."

Nzembi alikamua. Maji yakawa mekundu ya kung'aa.

"Sasa hiki kingine, tia maji ya jivu."

Alitia. Maji yakageuka kijani. Nzembi aliruka. "Ngai! Umeyafanya nini?"

"Si mimi, ni wewe. Ndimu ni asidi. Maji ya jivu ni besi. Ua linatuonyesha ipi ni ipi."

Ndimu na jivu! Vitu hivyo vilikuwa jikoni kwake miaka yote. Mtoto wake alikariri maneno hayo njiani hadi koo likakauka, wala hakuna aliyemwonyesha kuwa ni ndimu na jivu. Nzembi alilia pale pale ofisini, kwa sauti, bila aibu.

Mkutano wa wazazi uliofuata, alisimama tena.

"Ile faini ya mbuzi niliileta mimi. Leo naiondoa mimi. Fungueni hilo kabati."

"Kwa sababu wako ameanguka?" mzazi mmoja alisema kwa kejeli. Wengine wakacheka.

"Ndiyo," Nzembi alijibu. "Kwa sababu wangu ameanguka. Mnangoja wenu?"

Kicheko kikakatika. Bwana Kitonga alikohoa. "Lakini hizi ni mali ya shule, Mama. Wageni wakikuta zimevunjika..."

"Wageni wanafanya mtihani, mwalimu?"

Kufuli likafunguliwa wiki hiyo.

Mambo yalibadilika, hilo lazima lisemwe. Wanafunzi waligawanywa vikundi vidogo, kila mmoja akapata zamu ya kushika. Walianza na chupa za plastiki na maji ya maua, kisha wakahamia kwenye kioo. Vyombo vichache vilivunjika. Aliyevunja alimwita mwalimu, kioo kikafagiwa, somo likaendelea. Kidato cha nne waliofuata walipofika mtihani wa vitendo, walizishika bureti bila woga. Matokeo ya kemia yalipanda, na wasichana wawili wa Mwala wakaitwa kusomea famasia.

Kavata hakuwa mmoja wao. Mama yake alikuwa amemsihi arudie darasa, akakataa. "Nirudi nikae na watoto, Mwaitu? Wanicheke?" Alienda mji wa Matuu, akaajiriwa kupanga maembe kwenye makasha.

Shule ilipoalika wazazi kuja kuona maabara, Nzembi alimsihi waende pamoja. Kavata alisimama nyuma, karibu na mlango. Madam Nthambi alimwona.

"Njoo ujaribu, Kavata. Pole pole."

Alisita, kisha akaja. Akavaa miwani. Chini ya bureti kulikuwa na chupa yenye besi, imetiwa dawa ya kuonyesha rangi. Ilikuwa ya waridi. Alifungua koki kidogo. Asidi ikadondoka. Aliitikisa chupa, akafungua tena, tone, kisha tone. Ghafla rangi yote ikapotea, ishara kuwa besi imekwisha. Akafunga koki papo hapo, akasoma alama.

Mwalimu alitazama, akatikisa kichwa kwa mshangao. "Sawasawa kabisa! Mara ya kwanza!"

Wazazi walimpigia makofi. Nzembi alishindwa kupiga.

Kavata alivua miwani, akaiweka mezani taratibu. Akamgeukia mama yake.

"Kumbe ni hii tu?" alisema.

Akatoka nje, akaenda zake stejini kungoja gari la Matuu.