Sura ya Nesrin

Haya hayakutokea mbali. Yalitokea nyumbani kwa dada yangu Wasila, ghorofa ya tatu, hapa hapa mjini Konstantini, na mimi nilikuwepo. Mimi ni karani wa shule ya sekondari ya wasichana. Tangazo la kuwaonya wanafunzi nililichapa mwenyewe, nikalibandika karibu na lango: usimpe mtu usiyemjua kitambulisho chako, wala sura yako, wala sauti yako. Wasichana walilisoma wakipita, huku wakitafuna mbegu za alizeti.

Nesrin, mtoto pekee wa dada, naye alilisoma. Alikuwa na miaka kumi na minane, na mtihani wa bakaloria, ule wa kumaliza sekondari, ulikuwa umebakiza miezi mitatu.

"Mama mdogo," aliniambia, "nani aitake sura yangu? Mimi mwenyewe nimeichoka."

Tukacheka.

Wiki hiyo hiyo alijiunga na kundi la masomo mtandaoni. Mwenye kundi alitumia jina na picha ya mwalimu wao wa hisabati, Ustadhi Lotfi. Alifundisha vizuri, wala hakudai malipo. Siku ya kumi akamtaka kila mwanafunzi athibitishe kuwa ndiye kweli. Apige picha kitambulisho. Kisha ajirekodi: ageuke kulia, ageuke kushoto, afumbe macho, asome sentensi ishirini. Nesrin alifanya yote hayo akiwa amekaa kitandani, akisubiri kuitwa chakula cha mchana. Baadaye aliniambia sentensi zenyewe zilikuwa za kawaida tu. Nimechoka. Nipo nje. Nifungulie.

Siku chache baadaye, rafiki yake Ahlem alimuuliza darasani kwa nini jana yake alimwomba namba za siri zilizoingia kwenye simu. Nesrin hakuwa ameomba kitu. Ahlem akamwonyesha video. Sura ilikuwa ya Nesrin, sauti ya Nesrin, inaomba kwa upole. Ahlem alikuwa ameshazituma namba hizo, na sasa akaunti yake mwenyewe ilikuwa inawaandikia wenzao.

Walikuja ofisini kwangu wote wawili. Nikamwita Ustadhi Lotfi. Aliitazama picha yake kwenye simu, akavuta kiti, akakaa. Hakuwahi kufungua kundi lolote. Siku hiyo hiyo tuliwaita wazazi, tukaandikisha malalamiko polisi. Polisi hawakulala. Siku ya tisa, Jumapili, waliwakamata vijana wawili katika chumba cha kupanga, mji mwingine, wakiwa na simu kumi na saba. Wakakiri. Tukaambiwa yamekwisha.

Jumanne, saa tisa alasiri, tulikuwa jikoni kwa dada. Nesrin alikuwa anakanda unga wa mkate, mikono yote miwili imezama kwenye bakuli. Simu ya dada ikaita. Ilikuwa simu ya video. Jina lilikuwa la Nesrin.

Simu ya Nesrin ilikuwa juu ya meza. Imezimwa.

Dada akapokea. Mpaka leo hajui kwa nini alipokea.

Sura ilikuwa yake. Hata kovu dogo kwenye nyusi lilikuwepo. Nyuma yake niliona ukuta wa kijani wa ngazi za pale kwa dada. Niliona mlango wake, kwa nje.

"Mama," ikasema. "Nimechoka. Nifungulie."

Nesrin hakupiga kelele. Alisimama pale, unga unamdondoka vidoleni, akamnong'oneza mama yake, "Usifungue."

Ile sura ilimsikia. Ikageuka kulia. Ikageuka kushoto. Ikafumba macho.

Simu ikakatika.

Nilikwenda mlangoni, nikachungulia kwenye tundu. Ngazi zilikuwa tupu. Nikampigia ofisa wa polisi, nikamweleza. Akasema zile simu zote ziko kwenye kabati lake, na ufunguo uko mfukoni mwake. Vijana wenyewe wako ndani.

Tangu siku hiyo Nesrin alipoa. Sina neno jingine. Alikula akipewa, alilala akiambiwa. Aliongea kwa kunong'ona tu, kama mtu aliyeazima sauti na anaogopa kuiharibu. Dada alimwita msomaji akamsomea Kurani, na Nesrin akakaa akisikiliza mpaka mwisho, akasema ahsante. Hakulia hata mara moja. Nadhani angelia tungepata nafuu sisi.

Juni ikafika. Siku mbili za kwanza za mtihani nilimsindikiza mwenyewe mpaka langoni. Siku ya tatu hakuweza kuinuka. Mwili ulikuwa unawaka homa. Niliomba ruhusa kazini, nikakaa naye pamoja na dada toka asubuhi hadi magharibi. Kitambulisho chake kilikuwa kwenye mkoba wangu. Siku mbili zilizobaki zikapita vivyo hivyo. Dada akamwambia atafanya mwakani. Nesrin akaitikia kwa kichwa.

Mwezi Julai matokeo yakatoka. Amefaulu. Kila somo lina alama zake.

Nilimtafuta Bi Huria, msimamizi wa chumba alichopangiwa. Nilimuuliza kuhusu siku ya tatu, bila kumwambia kwa nini.

"Alifika mapema kuliko wote," alinijibu. "Nilimlinganisha na kitambulisho, ni yeye. Mtoto mpole sana. Ila kwa muda wa saa tatu nzima sikumwona akipepesa macho."

Nilirudi nikawaeleza. Dada alikaa sakafuni. Nesrin alisikiliza kama anayesikia habari za mtu wa mtaa mwingine.

"Basi hicho cheti ni chake," alisema, akageukia ukuta.

Kwa kuwa ni karani, niliomba kuonyeshwa daftari la mahudhurio ya mtihani. Siku mbili za kwanza kuna sahihi ya Nesrin kama ninavyoijua: jina lake kwa Kiarabu, mwandiko wake wa kuinama. Siku ya tatu, ya nne na ya tano jina ni lilelile na mwandiko ni uleule. Lakini herufi zimeanzia kushoto zikaenda kulia, na kila moja imegeuka, kama inavyoonekana ndani ya kioo. Ili nilisome jina, ilibidi niushike ule ukurasa peke yake, niuinue kwenye mwanga wa dirisha, nilitazame kwa upande wa nyuma.