Chupa ya Zambarau ya Mama Mkwe

Simu ilitetemeka juu ya sinki. Nikaifungua kwa kidole chenye povu... nikajiona mwenyewe.

Ndiyo, mimi. Kwenye grupu la ukoo wa mume wangu, mashangazi na wajomba wote wamo. Taulo kuukuu shingoni, glavu za plastiki mikononi, na kichwa cha rangi ya chungwa.

Aliyeituma ni wifi yangu. Chini yake kaandika: "Jamani karoti zimekomaa, nani anavuna?"

Vicheko vikawa vinamiminika. Hata baba mdogo wa mume wangu, ambaye mwaka mzima huwa anatuma salamu za asubuhi tu, siku hiyo naye kacheka.

Nilikaa chini pale pale kwenye vigae vya bafuni, nikalia.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, msije mkanionea huruma mapema.

Ilikuwa Jumapili. Kesho yake nilikuwa naanza kazi ya mapokezi kwenye ofisi ya bima, na mimi nikajiambia mtu wa mapokezi ni sura. Nikataka nywele za rangi ya asali. Video nimetazama, poda ya blichi ya kutoa weusi nimenunua, saluni ya nini tena?

Nikaanza kupaka kwenye shina. Kumbe joto la kichwa linaiharakisha dawa! Shina likawa njano, katikati chungwa, ncha zikabaki na wekundu wa kutu. Asali sikuiona hata kwa bahati mbaya.

Nikampigia mdogo wangu simu ya video. Mdogo wangu wa damu, tuliyekua naye tukilala kitanda kimoja. Simu nikaiegemeza kwenye kikombe cha miswaki juu ya sinki, nikageuka huku na huku aone balaa lenyewe, nikamsihi asimwambie mtu.

"Dada, mimi tena?" akasema.

Tukiwa tunaongea, mlango nyuma yangu ukafunguka. Sikuhitaji kugeuka, nilimjua kwa kikohozi. Mama mkwe.

Nikausukuma mlango kwa kisigino. "Naoga, mama!"

Nilikuwa nimevaa nguo zote.

Sasa muelewe jambo moja. Mama mkwe alikuwa amehamia kwetu baada ya kubaki peke yake nyumbani kwake. Mume wangu alifurahi mno, na aliniomba kitu kimoja tu: nielewane na mama yake. Kamnunulia simu ya kugusa, na mimi ndiye niliyemfundisha kupiga picha.

Kwa hiyo nilipoiona ile picha kwenye grupu, sikufikiri mara mbili. Nani alifungua mlango? Nani mama yake wifi?

Nilitoka bafuni kama nilivyo, dawa inanichuruzika shingoni. Nikamkuta kakaa kwenye kochi.

"Mama, umekuja hapa kukaa au kunichunguza? Picha zangu za bafuni unawatumia wanao wanicheke?"

Akanitazama. "Picha gani, mwanangu?"

Hilo "mwanangu" ndilo lililonipandisha zaidi. Nikasema mengi, mengine siwezi kuyaandika hapa kwa sababu mama yangu mzazi anasoma. La mwisho nitaliandika, ndilo linalonichoma hadi leo. Nilimwambia kama nyumba yangu haimfai, mlango anaujua.

Akaitikia kwa upole.

"Sawa, mama."

Akaingia chumbani kwake. Nikasikia zipu ya begi.

Na mimi, mjinga wa watu, nikajiona mshindi! Nikakaa, nikaifungua tena ile picha. Unajua kwa nini? Nilitaka kuona kama chunusi ya kidevuni imeonekana. Nikaikuza kwa vidole, ikasogea pembeni...

Mlangoni, nyuma yangu, kasimama mtu.

Mama mkwe. Gauni lake lile la maua, taulo safi begani, na mkononi chupa ya zambarau.

Mtu hawezi kujipiga picha akiwa kasimama kule nyuma. Picha ilipigwa kutoka kwenye sinki. Kwenye sinki kulikuwa na simu yangu, na ndani ya simu yangu alikuwepo mtu mmoja tu.

Nikampigia mdogo wangu.

"Ni wewe?"

Akasema, "Dada, nilinasa picha ya skrini, nikamtumia wifi yako peke yake. Na nilimwambia asimwoneshe mtu."

Nilikata simu. Sikuwa hata na nguvu ya kumgombeza, kwa sababu aliyestahili hasira hizo nilikuwa mimi.

Nilisimama mlangoni kwa mama mkwe kama mtoto aliyevunja sahani. Alikuwa anakunja nguo zake, anazinyoosha kwa kiganja moja moja.

"Mama, nisamehe. Sikujua."

Hakuinua macho. "Na ulipokuwa unasema, ulikuwa unajua nini?"

Nilitamani sakafu inimeze na machungwa yangu yote.

Akaliweka gauni la mwisho kwenye begi, akachukua ile chupa ya zambarau kitandani.

"Twende bafuni," akasema. "Kichwa hicho hakiwezi kwenda kazini."

Aliniinamisha kwenye sinki, akaniosha mwenyewe. Vidole vyake vilikuwa vyepesi ajabu, na mimi machozi yananitiririka, nasingizia shampuu. Akanieleza kwamba mvi zake huvuta njano, ndiyo maana huziosha kwa shampuu ile. Zambarau huzima njano. Harufu ya blichi ilipomfikia sebuleni alijua kitakachotokea, akaja na chupa yake.

"Hapo kwenye shina nimekutuliza," akasema. "Hilo chungwa silo la kwangu. Hilo linataka bluu. Nenda saluni wakupake tona, ile dawa ya kurekebisha rangi, na usione aibu, wameona vichwa vibaya kuliko hicho."

Pale kwenye "usione aibu" ndipo nilipolia wazi.

"Nimekusamehe," akaongeza, huku ananifunga taulo. "Lakini mtu akishaoneshwa mlango, hata kukohoa anakohoa kwa wasiwasi."

Saluni walinipaka tona ya bluu, nikatoka na kahawia nzuri, nyepesi kidogo kwa mbele. Niliporudi begi lilikuwa sebuleni na mume wangu keshafika. Mama alikuwa anamweleza kwamba amekikumbuka kitanda chake, hana zaidi.

Alinifichia. Kamdanganya mwanawe wa kumzaa ili anifichie mimi!

Sikuweza kuliacha hivyo. Nikamwambia mume wangu kila kitu, mbele ya mama. Hakufoka, na bora angefoka. Alitoka nje akasimama kibarazani muda mrefu.

Kwenye grupu nikaandika: "Acheni kichwa changu, mtazameni aliyesimama mlangoni. Ndiye pekee aliyekuja kunisaidia, na ndiye niliyemfukuza." Vicheko vilikatika. Wifi aliifuta picha, akampigia mama yake analia. Mdogo wangu naye kaomba radhi. Tutaongea nikipoa.

Jumatatu asubuhi mama aliondoka. Ofisini wote wakasifia nywele zangu, wakaniuliza nani kanitengeneza. Nikajifanya napokea simu.

Jioni nikakuta chupa ya zambarau kaniachia kwenye sinki. Nikampigia.

"Mama, hii ikiisha nitaipata wapi?"

Nikamsikia anakohoa, kile kikohozi chake.

"Ikiisha niambie. Nitakuletea mwenyewe."

Wapendwa, funzo langu ni hili, na nimelilipia. Kabla hujamnyooshea mtu kidole, ikuze picha, tazama na waliosimama nyuma. Nywele zikiharibika kuna tona. Nililomwambia yule mama halina.

Ila niwaambie siri. Shampuu ile haioshewi kila siku, hata kwenye chupa wameandika. Mimi naosha asubuhi, naosha jioni. Nywele za mbele zimeshaanza kuvuta zambarau, hadi bosi kaniuliza kama ndiyo fasheni ya sasa. Nikamwambia ndiyo.

Leo nimeitikisa chupa. Imebaki ya kuosha mara moja.

Chumba chake nimeshakitandika.