Konzi Moja ya Sukari Guru

Kila asubuhi ya majira ya baridi, kabla ya kwenda shule, nilifagia ua, nikalisha bata, kisha nikampelekea Bibi chai jikoni. Jiko letu lilikuwa kibanda cha ukuta wa mianzi iliyosukwa. Juu ya kichanja palikuwa na chungu chenye mfuniko, na ndani yake Bibi aliweka sukari guru mpya ya mtende, nusu juu na nusu chini, katikati akiitenga kwa jani la mgomba. Kisiwani kwetu, katikati ya mto Meghna, mtu anaweza kukosa mchuzi akanyamaza, lakini baridi bila sukari guru haiitwi baridi. Ile ya Bibi ilikuwa ya kupikia vikate vya mchele, siku Baba atakaporudi kutoka mjini.

Basi mimi Shiuli, mwenye miaka kumi na mmoja na akili zangu timamu, nilikuwa naimega. Leo kipande cha ukubwa wa ukucha, kesho cha kidole. Bibi alipoona ya juu inapungua, nikasema, "Ni panya, Bibi." Bibi akatega mtego, kisha akamgeukia paka.

"Na wewe kazi yako nini hapa? Kula na kulala?"

Maskini paka wa watu akanyimwa maziwa siku tatu. Mimi kimya, sina haya. Nikahamia kwenye ile iliyokuwa chini ya jani, maana huko Bibi alikuwa hachungulii.

Alhamisi moja mdogo wangu Tutul, wa mwaka mmoja na nusu, aliamka anaharisha. Kufika saa nne alikuwa ameharisha mara saba na kutapika mara mbili. Kwa bahati Shangazi Rehnuma, dada yake Baba, alikuwa amekuja kutusalimia. Yeye hufanya kazi Dhaka, kwenye maabara wanakochunguza utumbo kwa hadubini. Alikwenda dukani mwenyewe kutafuta paketi za dawa ya kuhara, zile za kukoroga kwenye maji, akarudi mikono mitupu. Kila nyumba yenye mtoto mdogo ilikuwa na mgonjwa, na paketi zilikuwa zimekwisha tangu jana. Kivuko nacho kilikuwa kimesimama, kwa sababu ukungu ulikuwa umefunika mto wote.

"Paketi, paketi!" Bibi akafyonya. "Mimi nimemlea baba yenu paketi hatuzijui. Shiuli, njoo uone."

Alifundishwa zamani, akiwa bi harusi kijana, na binti mmoja aliyepita nyumba kwa nyumba akiwaelekeza akina mama. Bibi alipima kwa mkono wake tu. Maji yaliyochemshwa, nusu lita. Chumvi ya kubana kwa vidole vitatu. Sukari guru, konzi moja, na hiyo ikamaliza ile ya juu ya jani.

"Kisha unaonja," akasema. "Chumvi isizidi ile ya machozi. Ikizidi, mwaga uanze upya. Umeshika?"

"Nimeshika, Bibi."

Tutul akanywa kwa kijiko, akatulia. Haukupita muda, jirani akaja mbio: pacha wake wanaharisha, hajui afanyeje. Bibi akatupa shuka begani. "Hayo yakiisha, tengeneza mengine. Sukari ipo tele chini ya jani," akaniambia, akaenda zake.

Nilifunua chungu. Chini ya jani palikuwa na makombo yasiyojaza kijiko cha chai.

Ningeweza kusema pale pale. Lakini nilimkumbuka paka, nikakumbuka mtego, nikaona aibu itanila mzima. Nikajidanganya: dawa ni chumvi, sukari ni ya kumbembeleza mtoto tu. Nikatia chumvi na yale makombo, nikakoroga, nikampelekea Mama. Hakuna aliyeonja.

Kufika adhuhuri, Tutul alikuwa si yule wa asubuhi. Macho yameingia ndani. Midomo imekauka. Shangazi akamfinya ngozi ya tumbo taratibu, na ngozi ikabaki imesimama. Alikuwa analia, lakini ile sauti ndogo ilitoka peke yake, bila hata chozi moja.

"Maji gani haya?" Mama akapiga ukelele. "Yanaingia huku, yanatokea kule! Simpi tena. Mama yangu alisema, anayeharisha hapewi maji."

"Wifi, ukimnyima maji tunampoteza," Shangazi akasema.

"Na nikimpa si yanamtoka yote? Angalia!"

Shangazi alisimama mlangoni akiutazama ukungu. "Mbona asubuhi yalimsaidia?" alijiuliza kwa sauti. Kisha akavuta shali yake. "Basi. Natafuta mtu mwenye mtumbwi. Tunavuka hivyo hivyo mpaka hospitali."

Mama akaanza kulia. Sote tulijua maana yake. Kwenye ukungu ule meli kubwa hupita bila kuona mtumbwi, na mwaka uliotangulia watu wanne wa kisiwa chetu hawakurudi. Nikawatazama wote watatu, Mama, Shangazi na Tutul, nikaona nitawaua kwa kipande cha sukari.

"Shangazi!" Sauti ilinitoka kama si yangu. "Hayana sukari guru. Niliila. Nilikuwa naila kila siku. Panya... panya ni mimi."

Mama alinyanyua mkono. Shangazi akamzuia.

"Chumvi ulitia kiasi gani?"

"Ya vidole vitatu."

Akaonja yale maji, akayamwaga. "Nenda kwa Mzee Gofran. Mwambie ukweli, tena kwa ufupi. Hatuna muda wa hadithi."

Mzee Gofran ndiye mgema wetu, anayepanda mitende alfajiri na kuchemsha utomvu uani kwake. Nilimkuta ameinamia karai. Nikamweleza huku nikitweta, bila kuficha neno.

"Kumbe panya wa kwenu anasuka nywele!" akasema. Lakini kabla hajamaliza mzaha wake alikuwa ameshanivunjia bonge la sukari guru, lingali na joto. "Shika. Kimbia. Ukianguka, anguka wewe, lisianguke hilo."

Safari hii nilipima mbele ya Shangazi. Akaonja. Akampa Mama naye aonje. Tukaanza: kijiko kimoja, tunasubiri, kijiko kingine. Mama alimnywesha shingo upande.

"Wifi," alisema, "sukari ina nini hata iwe dawa?"

Shangazi akatoa simu yake, akatuonyesha picha aliyopiga kazini kwa hadubini. Niliona vichumba vingi vidogo, vimebanana, na kila kimoja kimezungukwa na mstari wa kijani unaong'aa. Ilikuwa inapendeza kupita kiasi.

"Huu ni utumbo," akasema. "Kila kichumba ni seli. Ukuta wa ndani wa utumbo ni unene wa seli moja tu, wifi. Moja! Na ile mistari ya kijani ni protini. Kila seli inatoa zake na kumshika jirani, kama ukuta wa jiko letu ulivyosukwa. Huku juu wamebanana kabisa, uchafu usipenye. Chini kidogo wamebakiza uchochoro mwembamba kati yao."

"Na maji yanapitaje?" nikauliza. Nilikuwa nimesahau kwamba nina kesi.

"Hapo ndipo mimi mwenyewe hushangaa kila siku. Chumvi ina mlango wa kuingilia kwenye seli, na mlango huo hauifungulii ikiwa peke yake. Inafunguliwa ikiwa imefuatana na sukari. Zikiingia pamoja, seli inaimwaga chumvi kwenye ule uchochoro, na maji yanaifuata huko, mpaka kwenye damu. Lakini protini zikiachiana, uchochoro haupo tena, na maji yanarudi yalikotoka. Hivi sasa Tutul ni mgonjwa, seli zake nyingi zimeumia, lakini zilizobaki bado zimeshikana. Zinangoja tu tuzipe vitu vyote viwili."

Mama alimtazama Tutul tumboni, akaweka kiganja pale juu ya kitovu.

"Subhanallah," akasema polepole. "Yote hayo yamo humu? Katika tumbo hili dogo?"

Nilitamani kuwaona, wale wadogo wasioonekana, wameshikana gizani wakimngoja mtu mmoja afanye kazi yake. Na mtu huyo nilikuwa mimi, nami nilikuwa nimewatupa.

Tulimnywesha hadi alasiri. Bibi aliporudi, nilimweleza mwenyewe kabla hajavua viatu. Alikaa, akachukua kijiko.

Mara Mama akaruka. "Amekojoa! Jamani, amenikojolea!"

"Alhamdulillahi! Maji yamebaki mwilini!" Shangazi akacheka, machozi yanamtoka. Sijawahi kuona watu wakifurahia nguo iliyolowa namna ile. Ukungu nao ulikuwa umeanza kupungua, na tukasikia honi ya kivuko. Shangazi akasema kesho tutavuka, daktari amtazame, tena kwa kivuko, si kwa mtumbwi.

Bibi akaniita. Nilikwenda nikijua ninachostahili.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," akasema. "Wewe hukuficha maradhi, mjukuu wangu. Ulificha dawa, na hilo ni baya zaidi. Sikia. Nyumba ni kama huo utumbo wa shangazi yako. Tumeshikana, na kila mmoja anaamini mwenzake kashika. Ukiachia kwa siri, hatujui pa kuziba. Umesema ukweli ukiwa umechelewa, lakini ulisema, ndiyo maana mtoto yupo. Siku nyingine usichelewe."

"Nisamehe, Bibi."

"Kaombe radhi kwa paka. Maziwa yake ya siku tatu utayatoa kwenye kikombe chako."

Niliposimama, nilichukua bakuli la maji ya dawa nikalioshe. Tutul alidhani namnyang'anya, akaangua kilio. Kilikuwa kilio cha nguvu, cha hasira, na shavuni pakateremka chozi. Chozi zima, la kweli. Nililigusa kwa kidole, nikaonja. Lilikuwa na chumvi ile ile aliyosema Bibi.